Shokapu ya Bibi Shamba

Mwaka 2013, kiangazi kikiwa kimekolea na vumbi jekundu limelala juu ya kila bati la Kibondo, fundi Bazilio alikuwa ametimiza miaka miwili akiwaficha watu kwamba haoni vizuri. Halikuwa giza kamili. Ilikuwa kama kutazama kupitia kioo kilichopuliziwa pumzi: aliona pikipiki inakuja, aliona mtu ameshuka, lakini sura ya mtu huyo ilimfikia baada ya sauti yake. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda zaidi. La kulia lilimsaidia asubuhi, jua lisipokuwa kali.

Alikuwa amejua kuficha. Akitaka kujua spana namba ngapi, aliipapasa. Akiletewa pikipiki, aliizunguka akiigusa kila mahali kabla ya kusema lolote, na wateja wakadhani huo ndio ufundi wenyewe. "Bazilio anasikia chuma kwa vidole," walisema, naye akawaacha waseme. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, yeye akiwa na miaka minane. Kibanda cha gereji karibu na soko, nyumba ya matofali ya kuchoma, shule ya binti yake Ange kule Kasulu, vyote vilitoka kwenye vidole hivyo. Fundi asiyeona ataletewa nini, na nani? Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo. Hata mkewe Esteri hakumwambia.

Jumatano moja ya mwezi wa nane alikuja Loyce, afisa kilimo ambaye watu wote walimwita bibi shamba. Alikuwa mtu wa Njombe, mrefu, mwenye maneno ya haraka, na Honda yake nyekundu ya zamani aliiendesha kama anayemfukuza mwizi. Honda ile ilikuwa na historia. Mwaka uliopita aliangukia mtaro huko vijijini, mguu mmoja wa shokapu ya mbele ukapinda, na fundi mmoja wa barabarani akamwokoa kwa kumfungia mguu wa shokapu ya pikipiki nyingine. Mguu huo ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake. Ili ushikwe na kibano cha usukani, fundi yule aliuzungushia kipande cha bati. Loyce akaendesha hivyo hivyo miezi kumi, usukani ukimvuta, mpaka Bazilio alipompatia kutoka Kasulu jozi kamili iliyotolewa kwenye Honda kama ile ile.

Jozi ilifika na basi la jioni ya Jumanne. Usiku ule ule Bazilio aliitia kila mguu alama ya rangi nyeupe, nene kama kidole. Kama kuna mtu angeuliza, angesema ndiyo kawaida yake. Ukweli ni kwamba alitaka kitu ambacho jicho lake lingeweza kukishika.

"Shikamoo, fundi," Loyce alisema asubuhi ile, akiwa ameshafika na kofia yake mkononi. "Saa nne lazima niwe barabarani. Saa nane tuna kikao Kasulu, na mimi ndiye mwenye sampuli." Alikuwa na mzigo wa miti ya mihogo iliyofungwa kwa kamba, mihogo yenye ugonjwa, ambayo wakubwa wake walitaka kuiona kwa macho.

"Marahaba, bibi shamba. Saa nne utakuwa umekwenda."

Alifungua gurudumu, akalegeza vibano, akachomoa miguu miwili ya zamani akailaza juu ya gunia. Pembeni yake akalaza ile miwili iliyotoka Kasulu. Ilikuwa na vumbi la safari, kwa hiyo akachukua kitambaa chenye petroli, akaifuta yote minne moja baada ya nyingine ili sili za oili zisiingiwe na mchanga. Mguu wa kushoto aliufunga vizuri. Alama nyeupe aliiona, unene aliupima kwa kidole gumba na cha shahada, akaridhika.

Alipokuwa akinyoosha mkono kuchukua wa pili, Loyce aliinama akamsogezea simu mbele ya uso.

"Hebu soma ujumbe wa bosi wangu, fundi, uone alivyoniandikia."

Bazilio aliiona simu kama kipande cha mwanga. Ndani ya mwanga ule hapakuwa na herufi hata moja. Aliishika, akaitazama kwa muda aliodhani mtu angetumia kusoma, akatikisa kichwa.

"Pole sana, bibi shamba."

"Pole ya nini?" Loyce akacheka. "Si anasema nikiwahi nitapewa nafasi ya kuongea wa kwanza? Hebu soma tena hapo chini."

Watu wawili waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu yao nao wakacheka. Bazilio alirudisha simu, akasema kitu kuhusu wakubwa na mambo yao, akainama upesi juu ya gunia ili wasiuone uso wake. Akatafuta alama nyeupe. Hakuiona. Alikuwa ameifuta mwenyewe kwa petroli, lakini wakati ule hakuliwaza hilo. Akashika mguu uliokuwa karibu zaidi, ukang'aa kama mpya, akaupachika.

Nati ya kibano cha kulia ilizunguka nusu duara zaidi ya mwenzake kabla haijakaza. Aliisikia. Mkono wake ulisimama kidogo, kama mtu anayeitwa na sauti ya mbali. Kisha Loyce akasema, "Saa nne kasoro, fundi," naye akajiambia kibano kimechakaa, akaongeza nguvu, akaendelea. Alirudisha gurudumu, akaikandamiza pikipiki mara tatu kwa kifua, ikashuka na kupanda vizuri. Loyce akavaa kofia, akafunga mihogo yake nyuma, akapiga kiki. Vumbi likabaki hewani.

Ilipita nusu saa. Bazilio alikuwa akikusanya vyuma vya zamani avitupe kwenye pipa alipoushika mguu mmoja akaupima kwa vidole. Kidole gumba na cha shahada havikukutana. Akaushika na wa pili, navyo havikukutana; ule mwembamba haukuwapo. Akauweka chini, akauokota tena, kana kwamba chuma kinaweza kukonda.

Ng'ambo ya barabara Esteri alikuwa amekaa kwenye meza yake akiuza unga wa muhogo na migebuka, samaki waliokaushwa.

"Mama Ange! Njoo mara moja."

Esteri akaja akijifuta mikono. Bazilio alimsogezea ule mguu mbali kidogo na wale watu wawili wa kwenye benchi.

"Kuna rangi nyeupe hapa?"

"Hakuna." Esteri akaugeuza. "Subiri. Ipo. Ndani ya huu mfereji mdogo imebaki kidogo. Ni ile uliyopaka jana."

"Mana yanje, Mungu wangu," Bazilio alisema kwa sauti ya chini. Akakaa juu ya gunia. "Nimemfungia ule mwembamba. Bila hata bati lake."

Esteri hakuelewa ufundi, lakini alimwelewa mumewe. "Itakuwaje?"

"Kila shimo litausukuma mguu juu ndani ya kibano. Kidogo kidogo. Kisha siku moja... hapana, ndani ya saa moja hivi utaruka wote kwa pamoja, na usukani utageuka wenyewe. Na yule unajua anavyoendesha."

"Sasa ulikoseaje, Baba Ange? Si ulitia alama?"

Bazilio alimvuta karibu, akasema, "Sioni, Mama Ange."

"Najua," Esteri alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomwamkia Ange shikamoo ukidhani ni mama yangu. Niliona nisubiri uniambie mwenyewe." Akatoa simu kwenye kanga. "Namba yake ni ipi?"

Walimpigia Loyce mara nne. Hakuwa anapatikana. Bazilio akajaribu kufikiri. Muda ule angekuwa ameshapita njia panda ya Nduta, anakaribia Busunzu. Busunzu kulikuwa na Abbasi, muuza petroli ya chupa pale kando ya barabara, mtu wanayefahamiana miaka mingi na ambaye bibi shamba hujaza mafuta kwake. Kutoka pale kwenda mbele hakukuwa na mtandao mpaka karibu na Mvugwe, na katikati ya hapo ulikuwapo ule mteremko mrefu wa kushuka daraja la Malagarasi.

Esteri akabonyeza namba, simu ikaita, akampa.

"Abbasi, bibi shamba amepita hapo?"

"Bado. Ila kuna vumbi naliona linakuja, huenda ndiye. Vipi, fundi?"

Hapo ndipo Bazilio alipopaswa kusema maneno matano au sita tu. Alikuwa nayo mdomoni. Lakini wale watu wawili walikuwa wamesogea, aliviona vivuli vyao karibu kabisa, na mmoja wao alikuwa mhasibu wa ofisi fulani ya serikali. Kesho yake Kibondo nzima ingejua.

"Msimamishe," alisema. "Mwambie... mwambie amesahau spana zake kwangu."

"Spana?"

"Ndiyo. Mwambie asubiri hapo."

Alipokata simu, Esteri alikuwa amemkazia macho. Hakuyaona macho yenyewe, lakini aliyasikia juu ya ngozi yake.

Dakika kumi zilikuwa ndefu. Mhasibu aliuliza kama zamu yake imefika, Esteri akamwambia fundi anaumwa. Simu ilipoita, Bazilio aliinyakua.

"Nimemsimamisha," Abbasi alisema. "Kanywa maji, kasema hana spana kwako, na kama zipo ataziona Ijumaa akirudi. Ameshaondoka."

"Ameondoka?"

"Ana haraka huyo! Ila analalamika usukani unavuta kulia. Nikamwambia ni hii barabara yetu, imekunjamana kama bati. Fundi? Fundi, upo?"

Bazilio alirudisha simu kwa mkewe. Alisimama akashika nguzo ya kibanda.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Esteri alisema. "Angesimama kama ungemwambia kweli. Sasa mfuate."

Hakumgombeza zaidi ya hapo, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa. Esteri alivuka mwenyewe mpaka kwenye kona wanapokaa bodaboda, akarudi na Majaliwa, mtu mzima mwenye maneno mengi na pikipiki aina ya Toyo iliyokuwa bado mpya. Akaufunga ule mguu mnene kwenye gunia pamoja na spana na kopo la oili, akamkabidhi mumewe kama anayempakatisha mtoto.

"Ukimkuta mwambie kweli," alisema. "Ukimkuta mzima, mwambie kweli."

Waliondoka saa tano na robo. Majaliwa aliambiwa tu kwamba kuna kitu cha bibi shamba, na kwamba ni cha haraka. Alikubali kwa sababu alikuwa anamheshimu Bazilio, lakini walipomaliza nyumba za mwisho akageuza kichwa.

"Mzee, nikuambie ukweli, yule hatumpati. Ametutangulia mno. Labda asimame mwenyewe."

"Kimbia tu."

Labda asimame mwenyewe. Bazilio aliishika kauli hiyo, akaigeuza, akaikuta haina upande mzuri. Angesimama kwa nini, mtu mwenye kikao saa nane?

Toyo iliruka juu ya makunyanzi ya barabara, na kila mruko aliuhesabu. Hakuuhesabu kwa ajili yake. Alikuwa akiona, waziwazi kuliko alivyokuwa ameona kitu chochote mwaka ule, mguu mwembamba ukipanda ndani ya kibano. Upana wa ukucha. Upana wa kidole. Aliona gurudumu likianza kukaa upande, na mwanamke yule akiurudisha usukani katikati kwa mkono wa kulia bila kujua kwa nini mkono umechoka. Lori la maharage lilipishana nao likawafunika kwa vumbi, Majaliwa akakohoa na kulaani, Bazilio akakaza mikono kwenye gunia.

Kwenye njia panda ya Nduta Majaliwa aliuliza wauza ndizi kama wamemwona mama mwenye Honda nyekundu. Walimwona, zamani. Wakaingia porini, miti ya miombo pande zote, hakuna nyumba. Kwa kawaida Majaliwa hakuacha kuzungumza akipita pale, kwa sababu ya habari za majambazi, na siku hiyo alizungumza juu ya mbunge, juu ya mpira, juu ya bei ya tairi. Bazilio aliendelea kuhesabu miruko.

Busunzu, Abbasi alitoka kwenye kivuli cha kibanda chake na chupa mkononi.

"Hizo ni spana gani za kufukuziwa na bodaboda mpaka huku?"

Majaliwa akacheka, akageuka amsikie Bazilio atajibu nini. Bazilio alikuwa amefumbua mdomo. Akaufumba. "Tia mafuta twende," alisema.

Baada ya Busunzu jua lilikuwa kichwani kabisa, na huo ulikuwa wakati mbaya zaidi kwake. Mwanga ulijaa machoni mwake kama maziwa. Hakuona mgongo wa Majaliwa. Alijua tu kwamba wanapanda, kisha kwamba barabara imelala, kisha kwamba hewa inayotoka chini ina unyevu wa mto. Walikuwa wanaanza kushuka Malagarasi.

Ndipo Majaliwa alipoacha kuongea. Aliacha katikati ya sentensi. Akapunguza mwendo.

"Nini?" Bazilio aliuliza.

"Watu, mzee. Wamejaa."

"Honda iko?"

"Iko chini. Imelala mtaroni."

"Na yeye?"

Majaliwa alikuwa anatafuta njia kati ya watu, pikipiki ikienda polepole kama inayosukumwa. Bazilio alisikia sauti za wanawake, akasikia mtu anasema maji, leteni maji, akasikia mtoto analia. Alimshika Majaliwa bega akalifinya. "Na yeye, Majaliwa? Niambie, na yeye?"

"Nani huyo?" sauti ikatoka upande wa kushoto, chini. "Ni fundi huyo?"

Ilikuwa sauti ya Loyce. Ilikuwa nyembamba, imebanwa na maumivu, lakini ilikuwa yake. Bazilio aliteremka kabla pikipiki haijasimama, akajikwaa, akaanguka kwa magoti na gunia lake.

Loyce alikuwa ameegemezwa kwenye kingo ya udongo. Mama mmoja mkulima alikuwa amemfunga mkono wa kulia kifuani kwa kanga; mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na upande mmoja wa uso ulikuwa umechunika. Miti yake ya mihogo ilikuwa imetapakaa barabarani, watoto wakiiokota. Katika wale waliosimama alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa akieleza kwa sauti kubwa kwamba alisema siku nyingi, mwanamke na pikipiki kubwa ni mambo yasiyokaa pamoja.

"Ameona jiwe akalikwepa," mzee alisema. "Mwendo ule!"

"Kweli nilikuwa mbio," Loyce alisema. Alikuwa anatetemeka. "Usukani ulinitoka mkononi, sijui ilikuwaje. Kosa langu. Lakini fundi, umejuaje? Umefikaje hapa?"

"Alikuwa anakuletea kitu chako ulichosahau," Majaliwa akadakia, amefurahi kuwa na la kusema. "Nilimwambia hatukupati!"

"Mungu amekuleta," Loyce alisema, na machozi yakamtoka. "Hebu iangalie Honda. Naona wamekwisha kuitamani."

Bazilio alikwenda mtaroni akiongozwa na harufu ya petroli. Alipiga magoti, akapapasa usukani, akashuka mpaka kwenye kibano cha kulia. Mguu ulikuwa umetokeza juu ya kibano upana wa vidole vinne. Hakukuwa na haja ya kuona.

Nyuma yake watu walikuwa wakizungumza juu ya jiwe. Alitambua kwamba katika mkusanyiko wote ule hakuna mtu mwingine anayejua kibano ni nini. Angeweza kuuchomoa ule mguu pale pale, afunge mnene, atie ule mwembamba kwenye gunia, na hadithi ingebaki ya mwanamke, mwendo na jiwe. Loyce mwenyewe alikuwa ameshaikubali. Kibondo ingemsifu fundi aliyefukuza pikipiki mpaka Malagarasi kwa ajili ya mteja wake. Alikaa na wazo hilo kwa muda, mkono juu ya chuma. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua. Nyuma yake yule mzee akasema tena habari za wanawake, na watu wawili watatu wakaitikia.

Bazilio akainuka, akaifuata sauti ya Loyce mpaka alipohisi yuko mbele yake, akachuchumaa.

"Bibi shamba, hukukosa wewe. Hakuna jiwe. Nilikufungia mguu ambao siyo wake. Nimerudisha ule wa zamani, ule mwembamba. Ulio wako ni huu hapa kwenye gunia."

Watu walisogea karibu.

"Umerudisha wa zamani," Loyce alisema polepole. "Kwa nini?"

"Sikuuona. Macho yangu mabovu. Ni mwaka wa pili huu."

"Lakini ujumbe wangu si ulisoma?"

"Sikusoma."

Loyce alivuta pumzi, mfupa ukamuuma, akafumba macho mpaka maumivu yapite. "Na Abbasi? Nilisimama kwa Abbasi. Nilikuwa pale, nimezima pikipiki, nakunywa maji. Akaniambia spana. Mimi sina spana kwako, nikajua umenichanganya na mtu mwingine."

"Nilidanganya. Nilikuwa nimeshajua. Kulikuwa na watu gerejini wanasikiliza."

Alitegemea apigiwe kelele. Loyce hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza njia: "Nina watoto wawili Njombe, fundi, wako kwa mama yangu. Wewe ulikuwa unamwonea haya nani?"

Yule mama aliyemfunga Loyce kanga akasema "Ego," yaani ndiyo, taratibu, kwa Kiha chake, kama anayelitia swali lile muhuri.

Pikapu ya wanunuzi wa tumbaku iliyokuwa ikienda Kasulu ilisimama, dereva akakubali kumchukua. Walimpandisha mbele kwa uangalifu. Kabla mlango haujafungwa alimwita Majaliwa, si Bazilio.

"Afunge huo mguu unaostahili. Wewe ndiye uangalie kila nati kwa macho yako. Halafu uipeleke Mvugwe kwa mtendaji wa kijiji, iwekwe hapo mpaka nitume mtu. Isirudi kwake."

"Nimeelewa, bibi shamba," Majaliwa alisema.

Walifanya kazi hiyo saa nzima pale mtaroni. Watu walitawanyika kidogo kidogo. Hata yule mzee aliondoka bila kusema neno. Bazilio alifungua na kufunga, na kila alipomaliza nati moja alitoa mkono na kusubiri. Majaliwa aliinama, akatazama, akasema, "Imekaa." Hakusema kitu kingine. Kwa mtu mwenye maneno kama yale, ukimya ule ulikuwa mzito kuubeba. Mguu mnene uliingia kwenye kibano kama ulivyopaswa kuingia asubuhi, na nati ikakaza palepale ilipokaza ya mwenzake. Majaliwa akaiendesha Honda mpaka Mvugwe, akarudi kwa lori kumchukua Bazilio.

Habari ilifika Kibondo kabla yao. Jioni ile mhasibu alikuja kuchukua pikipiki yake ambayo haijaguswa, na kabla ya Jumapili zilikuwa zimeondoka nyingine tatu. Bazilio hakumzuia mtu. Kila aliyeuliza alimweleza yote, pamoja na habari ya spana, na mara ya kwanza sauti ilimtetemeka, mara ya kumi haikutetemeka tena. Kwa wiki nyingi waliishi kwa unga na migebuka ya Esteri.

Loyce alikaa na mkono kifuani wiki saba. Bazilio na Esteri walikwenda kumwona Kasulu hospitalini. Aliwapokea, akazungumza na Esteri juu ya mihogo, lakini yeye hakumtazama Bazilio. Hakumshitaki popote. Aliporudi kazini alimpa fundi mwingine Honda yake, na hakuirudisha kwa Bazilio kamwe. Wakikutana sokoni alimwamkia shikamoo kama zamani, akauliza habari za macho, akapita.

Mwezi wa kumi na moja walikuja madaktari wa macho katika hospitali ya Kibondo, na Esteri alimpanga mumewe kwenye foleni alfajiri. Jicho la kulia walilisafisha likaona. La kushoto daktari alilimulika kwa muda mrefu, akauliza kwa nini hakuja miaka miwili iliyopita. "Nilikuwa naficha," Bazilio alisema. Daktari akaandika kitu, akasema jicho hilo limekwisha, halitaona tena.

Gereji ilifunguliwa upya baada ya mwaka mpya. Sasa meza ya unga ilikuwa upande huu wa barabara, na Esteri alikuwa amejifunza majina ya spana. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya tatu alikuja mwalimu mmoja aliyeitwa Reverien, akisukuma pikipiki inayovuja oili kwenye shokapu ya mbele. Alisimama mbali kidogo.

"Wewe ndiye yule fundi wa Malagarasi?"

"Ndiye."

"Nasikia huoni."

"Jicho moja linaona. Kazi yote ya mbele ya pikipiki, mke wangu huikagua kabla hujaondoka. Ukitaka kuipeleka kwingine sitakulaumu, mwalimu."

Reverien alimtazama, akamtazama Esteri aliyekuwa na spana mkononi na unga kwenye kiwiko. Akafikiri. Kisha akateremsha stendi, akasema ataiacha, lakini atakaa hapo hapo na kuangalia kila kitu, tangu nati ya kwanza mpaka ya mwisho.

Bazilio hakuchukia. Aliliinua benchi, akalisogeza karibu kabisa na gurudumu, upande wenye mwanga mzuri, akalipangusa vumbi ili mwalimu akae.